Singo ya Njugu

Bi Zuleikha alikuwa amekaa ukumbini kwake Sokomuhogo, ungo juu ya mapaja, anachambua njugu. Zilizooza anazitia kwenye kopo, zilizosinyaa anawawekea kuku wa jirani, na zile nzima zinakwenda kwenye sufuria ya kashata. Ilikuwa Jumapili, alasiri imeshasaliwa. Mjukuu wake Nadra, aliyekuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile, amejilaza kwenye mkeka anazungumza na simu. Jikoni Mwamvua anapepea mkaa. Hapo ikapigwa hodi, na Bi Zuleikha akasema karibu bila ya kunyanyua kichwa.

Aliyeingia alikuwa bibi wa kizungu. Kavaa gauni la maua lenye mkanda kiunoni, kofia ndogo na glavu nyeupe. Alikuwa marehemu. Hilo lilijulikana pale pale, maana jua la mlangoni lilimpita katikati likaenda kutua ukutani kama kila siku. Sokomuhogo wafu huja mara kwa mara, zaidi wakati wa kahawa, lakini wazungu miongoni mwao si wengi, kwa hivyo Nadra alikata simu akakaa vizuri.

"Zuleikha," alisema mgeni. "Wewe ndiye yule mtoto wa mapengo."

Bi Zuleikha akamtazama kidogo. "Bi Doroti," akasema. "Karibu. Umechelewa."

"Nilikuwa na mambo."

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko alipokuwa hai. Zamani alijua kuomba maji na kuuliza bei tu. Huko alikokwenda alipata nafasi ya kujifunza.

Nyuma yake, nje ya kizingiti, alisimama mama mweusi, mtu mzima, kavaa gauni la kijivu na aproni nyeupe. Ameshika mkoba wa Bi Doroti kwa mikono yote miwili. Na yeye jua lilimpita vile vile. Bi Zuleikha akamwambia karibu, apite ndani.

"Nipo sawa," yule mama alisema.

"Huyo Odesa," Bi Doroti akasema huku akivua glavu. "Huwa hakai."

Na kweli hakukaa.

Bi Zuleikha alifurahi mno. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia Nadra akalete ile chupa. Nadra naye aliinuka mbio, mtu ambaye kwa kawaida huitwa mpaka sauti ikakauka. Chupa ile ndiyo iliyokuwa inaamua kama ataolewa au hataolewa.

Habari yenyewe ni hivi. Zamani, kabla ya Mapinduzi, Wamarekani walikuwa na mitambo yao Tunguu ya kusikiliza vyombo vinavyopita mbinguni. Mumewe Bi Doroti alikuwa mmoja wa wasikilizaji, na nyumba waliyopanga ilitazamana na nyumba hii, madirisha kwa madirisha. Mama yake Bi Zuleikha aliwapelekea sahani ya visheti siku ya Idi. Sahani ilirudi na chupa ya mdomo mpana juu yake, na ndani ya chupa kitu cha rangi ya udongo, laini, kinang'aa mafuta.

Wiki ile nyumba hii ilikuwa na harusi ya Maryam, dada mkubwa wa Bi Zuleikha. Mama mtu alifungua, akanusa, akatia kidole, akafikiri. Chakula kisingekuwa, maana chakula kina cha kutafuna. Halafu kilikuwa laini kama liwa iliyosagwa na mtu mwenye subira. Akaona jirani kaambiwa kuna bi harusi, na kwa wema wake kaleta singo ya kwao, ya kumsugulia bi harusi mwili unukie. Basi Maryam alisingwa siagi ya njugu kutoka utosini mpaka nyayoni. Siku ya tatu aling'ara kama mlango uliopakwa vanishi. Bi Doroti alialikwa, akamwona, akaambiwa ahsante kwa singo yako, na akasema bi harusi amependeza. Hakusema zaidi.

Chupa ilioshwa ikawekwa kabatini, isubiri kutiwa kitu. Chombo cha jirani hukirudishi hivi hivi, unatia chochote, hata sukari. Mama mtu alitaka kutia halua, na halua nzuri siku zile ilikuwa ya kuagizwa. Kabla haijafika, mambo ya nchi yakabadilika, na Wamarekani wakaondoka kwa meli, kila mtu na mkoba mmoja.

Tokea hapo nyumba ya kina Bi Zuleikha haikupata singo. Somo, mwanamke anayemfunda na kumsinga bi harusi, alisaga liwa, mawaridi, karafuu na asumini juu ya jiwe, kama anavyosaga kwa mabibi harusi wote wa mji, lakini ikigusa ngozi ya mtoto wa nyumba ile inageuka njugu. Bi Zuleikha mwenyewe alikwenda kwa mumewe ananukia kashata. Marehemu Mbarouk hakulalamika. Alisema mara moja tu, wameshazaa, kwamba kila akipita muuza njugu Darajani hushikwa na hamu ya kurudi nyumbani mapema. Mama yake Nadra naye alikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa mazoea. Miguu ya kitanda cha bi harusi ilitiwa ndani ya vikopo vya maji kwa ajili ya sisimizi, na maisha yakaendelea.

Safari hii lakini mambo yalikuwa mengine, maana Munir, mchumba wa Nadra, njugu zinamdhuru. Akizinusa anapiga chafya, akizigusa anavimba, na aliwahi kula keki ya watu asijue imetiwa nini, akalazwa. Siku walipokuja kuposa aliletewa kashata kwenye sahani ya heshima. Alikaa mpaka mwisho bila ya kuzionja, lakini midomo yake ilikwenda nyumbani imefura kama maandazi. Ni kijana mtaratibu, anatengeneza mafriji Darajani, na Nadra anampenda. Kwa hivyo jambo lilikuwa moja tu. Chupa irudi kwa mwenyewe, na kitu ndani, kabla ya Jumatano ya singo. Isiporudi, Munir atakuwa hana la kuchagua ila kumwacha Nadra au kumwoa na kufa.

Bi Zuleikha alishajaribu. Aliwahi kumpa mtalii wa Kimarekani aichukue, asubuhi ikaonekana kabatini. Akampa wa pili, vile vile. Sasa mwenyewe kaja kwa miguu yake.

"Kashata hizi zangu," alisema, akazipanga kwenye chupa mpaka shingoni. "Mama alitaka kutia halua. Utatusamehe."

Bi Doroti aliipokea, akaiweka karibu na kikombe, na kwa vile kahawa ilikuwa tayari akakaa akazungumza. Alikuwa mzungumzaji. Alisema kwao Jojia, Marekani, alipokuwa mdogo, njugu zilikuwa kila pahala. Mtoto akienda skuli hupewa mkate wa boflo uliokatwa pembe, siagi ya njugu upande mmoja, jemu upande wa pili, kwenye kijisanduku cha bati. Jumamosi wakienda kutazama mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, muuzaji hupita kwenye ngazi akazirusha zimo pakitini, na hakosei. Maganda yanatupwa chini, mchezo ukimalizika unatembea juu yake yanalia kama unakanyaga kokoto. Wanaume walimimina njugu za chumvi ndani ya chupa ya soda nyeusi, wakanywa na kutafuna kwa pamoja. Na tembo wa maonyesho, ukimwekea njugu moja kiganjani, anaichukua kwa adabu kuliko mtu.

"Ndani ya soda!" Nadra alisema. "Na chumvi yake?"

"Na chumvi yake."

"Bibi, tujaribu."

"Ujaribu huku unaolewa na nani? Kaa hapo."

Wakacheka. Odesa mlangoni hakucheka, wala hakununa. Alikuwa anatazama chupa. Mwamvua, aliyekuja kutoa vikombe, aliona vile anavyoitazama. Ndivyo mtu anavyoitazama sufuria yake akiikuta kwenye jiko la mwengine.

Jua liliposhuka Bi Doroti aliaga. Alichukua chupa, Odesa akafuata na mkoba, na wote wawili walipotea kwenye kona ya msikiti. Nadra alimpigia simu Munir, akamwambia imekwisha.

Jumatatu asubuhi chupa ilikuwa kabatini. Kashata zote zimo.

"Ilinitoka mkononi njiani," Bi Doroti alisema alasiri ile, ameona haya. "Niliishika hivi, sijui imekwendaje."

Bi Zuleikha alimimina kashata, akatia halua, ile aliyoitaka mama yake, yenye lozi. Bi Doroti aliishika kwa mikono miwili. Asubuhi ya Jumanne ilikuwa kabatini na halua yake.

Aliitwa somo, Bi Ummkulthum, mwanamke mnene mwenye sauti, ambaye amewasinga nusu ya wake wa mji. Alisaga kidogo, akampaka Nadra kwenye kiwiko, akanusa. Akanusa tena. Akaichukua simu, Munir akiwa hewani, akaisogeza kwenye kiwiko. Munir, huko Darajani, alipiga chafya.

"Bado," alisema Bi Ummkulthum.

Nadra akalia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na bibi yake akamwambia nyamaza mwanangu, bado leo ipo na kesho asubuhi ipo. Lakini mikono ya Bi Zuleikha ilikuwa inachambua njugu nzima na kuzitupa kwenye kopo la zilizooza.

Sasa, Mwamvua. Mwamvua ni mtu wa Bwejuu, jamaa wa mbali upande wa marehemu Mbarouk. Aliletwa mjini Nadra alipozaliwa, aje kusaidia kidogo. Nadra sasa anaolewa na Mwamvua bado anasaidia kidogo. Anapika, anafua, analala kwenye chumba kilicho karibu na jiko, na anakula wenzake wakishamaliza, kwa sababu akila nao nani atatia chai. Bi Zuleikha hupenda kuwaambia watu kuwa Mwamvua ni kama mtoto wangu wa kumzaa. Kashata zinazoliwa mabarazani Sokomuhogo na Mkunazini, zile nyembamba zenye iliki, huitwa kashata za Bi Zuleikha. Yeye ndiye anayechambua njugu. Yanayofuata, sukari na moto na mkono, anafanya Mwamvua.

Jumanne ile alasiri wageni walikuja saa yao. Bi Doroti alipewa kiti. Odesa alibaki mlangoni na mkoba. Mwamvua alitoka nje kumwaga majivu, akapita karibu naye.

"Shikamoo," alisema.

Odesa aligeuka kuona anaambiwa nani. "Marahaba," akasema.

"Huku nyuma kuna mlango wa jikoni. Upite huko, upumzishe miguu."

Odesa alifikiri kidogo. Milango ya nyuma alikuwa ameizoea. Akazunguka nyumba, akaingia, akauweka mkoba juu ya gunia la mkaa, na Mwamvua alipomsogezea mbuzi ya kukunia nazi, alikaa. Alishusha pumzi ndefu, jivu kwenye seredani ya mkaa likaruka.

Jikoni sufuria ilikuwa motoni, njugu mbichi zinachemka na maganda yake. Mwamvua alizichota akaziweka kwenye sinia katikati yao.

"Kwenu mnazijua hizi?" aliuliza. "Mwenzako kule anasifu za kukaanga tu."

Odesa alivunja moja, akainyonya maji yake kwanza, halafu akatafuna. Alifumba macho. "Unatia chumvi ya mawe," alisema.

"Ya mawe. Nyingi."

"Na unaziacha usiku kucha ndani ya maji yake."

"Sasa zitaingia vipi chumvi?"

"Wewe umefundishwa na nani?"

"Mama yangu, Bwejuu. Yeye alikuwa anapanda njugu mawe, huko kwenye majabali, pahala penye udongo wa kujaa kofia."

"Na mimi mama yangu. Sisi udongo tulikuwa nao mwingi. Haukuwa wetu."

Wakala. Maganda waliyaangusha chini, kwanza machache, baadaye bila ya hesabu. Mwamvua akamuuliza kama na yeye alikuwa anakwenda kwenye ule mchezo wa gongo, muuzaji anaporusha pakiti. Odesa akasema alikuwa anakwenda. Wao walikuwa na benchi lao, nje ya ua, upande wa jua. Muuzaji huko alikuwa hafiki.

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunakwenda nazo mfukoni kutoka nyumbani. Mpira ukiruka ua na kutuangukia, tunaurudisha."

"Mkaurudisha hivi hivi?"

"Mara moja kaka yangu aliutia ganda la njugu kwenye mshono." Odesa alianza kucheka. "Ukenda kombo mchezo mzima. Hakuna aliyejua kwa nini."

Mwamvua alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Kicheko kilikwenda mpaka ukumbini, ambako mambo yalikuwa yamepoa, Bi Doroti anageuza kikombe na Nadra ana macho mekundu. Nadra akaja kuchungulia. Akaona sinia, akakaa chini, akavunja njugu.

"We, utanuka!" alisema Bi Ummkulthum aliyemfuata.

"Nshanuka tayari, somo."

Bi Ummkulthum akaona neno hilo lina haki, akavuta kibao na yeye akakaa. Mwisho akaja Bi Zuleikha mwenyewe, amekamata chupa kifuani. Tangu Mwamvua aje mjini alikuwa hakai jikoni. Alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyogeuzwa. Bi Doroti alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuambiwa karibu, kwa sababu vinywa vyote vilikuwa vimejaa.

"Nikuulize," Mwamvua alimwambia Odesa. "Ile siagi ya kwenye chupa, nani aliisaga?"

"Ilisagwa jikoni kwa mama yake Bi Doroti, Jojia."

"Nimefahamu jikoni. Na nani?"

"Jikoni nilikuwa mimi tu."

"Mama yangu ndiye aliyeituma," Bi Doroti alisema kutoka mlangoni. "Ilikuja kwa meli. Nilikuwa nawakumbuka nyumbani, akaituma."

"Kutuma alituma yeye," Odesa alisema.

Bi Ummkulthum alimtazama Bi Zuleikha, na Bi Zuleikha akaitazama chupa kama mtu aliyekuwa anapiga hodi nyumba siyo.

"Basi yako," alimwambia Odesa. "Miaka yote hii tunampa mtu chombo cha mwenzake. Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Bi Zuleikha hakuwa mtu wa kuchelewesha jambo likishajulikana. Aliimwaga halua kwenye sahani, akaisuuza chupa kwa mkono wake, akapanga ndani yake kashata mpya zilizokuwa bado na uvuguvugu. Akaiinua kwa mikono miwili.

"Chombo chako hiki, dada yangu. Mama yangu anakusalimu. Hizi kashata zangu, za mkono wangu."

Odesa alimtazama Mwamvua. Mwamvua alikuwa anatazama sufuria. Odesa akapokea, akasema ahsante mara mbili, moja akimwelekea Bi Zuleikha na nyengine akielekea kwenye sufuria. Akala kashata moja, akafunga kifuniko.

"Lakini huyo Maryam mliyekuwa mnamtaja, alipakwa mwili mzima?" aliuliza.

"Mpaka masikioni," Bi Zuleikha alisema.

Odesa alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wote. Vibao vya kukatia vilitingishika, paka wa nyumba akatoka mbio. Alisema alisaga njugu maisha yake yote kwa ajili ya watoto wa watu wenye kutia vidole na kulia wakipewa kidogo, na hakujua kama kuna pahala iliwahi kuvaliwa. Akataka aelezwe tena, kuanzia mwanzo, nani alipaka mgongo na nani alipaka miguu. Bi Zuleikha akaeleza. Nadra akaongeza habari za sisimizi na vikopo. Hata Bi Doroti alicheka pale aliposimama.

Halafu akasema, "Odesa, jua limekuchwa, twende."

"Naam," Odesa akasema, akainuka.

Wakati anajipangusa maganda Mwamvua alimuuliza kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani mkishafika huko kila mtu anakwenda zake."

"Na mimi nilidhani," Odesa alisema. Akaikumbatia chupa kwa mikono miwili, na kwa vile mikono imejaa, mkoba ilibidi Bi Doroti auchukue mwenyewe. Alionekana hajui aushike wapi.

Jumatano asubuhi kabatini hapakuwa na chupa. Palikuwa na duara safi kwenye vumbi. Bi Ummkulthum alisaga liwa na mawaridi, akatia karafuu, akatia maji ya asumini, akampaka Nadra kiwiko. Harufu ilitoka ukumbini, ikashuka njiani, ikapita msikitini, na wazee wa barazani waliuliza nani kafungua duka la mafuta mazuri. Simu ikapelekwa kwenye kiwiko. Munir akavuta pumzi, akavuta tena.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Mimi," Nadra alisema.

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wa jirani wakaacha kudonoa.

Ijumaa harusi ilikuwa kama harusi zinavyotakiwa. Nikahi ilisomwa, wanaume wakala halua, na Munir akaletwa kwa mkewe na kundi la dada zake. Mbele ya wanawake wote alimshika mkono Nadra. Watu wakamtazama midomo. Midomo ilibaki kama ilivyo. Alitabasamu nayo, na Bi Zuleikha akalia machozi ya furaha kwenye ncha ya kanga, akisema mama, imerudi, mama, imerudi. Udi ulifuka. Ngoma ilipigwa. Bi Doroti alikaa safu ya mbele, kiti cha mikono, na alipiga makofi kwa mpango wake mwenyewe. Watoto walikuwa wanapita ndani yake kwenda kwa bi harusi, naye anawasamehe.

Kwa ajili ya Munir njugu zilipigwa marufuku nyumba nzima isipokuwa jikoni, milango imefungwa. Humo alikuwemo Mwamvua. Bi Zuleikha alimwambia, kwa moyo safi kabisa, leo vaa, ukae na watu, hii harusi yako na wewe. Mwamvua alivaa. Kanga yake ilikuwa sare na ya wengine. Lakini pilau ilikuwa ya masufuria mawili makubwa, na mtu wa kuyaangalia hakupatikana, kwa hivyo alikaa nayo amevaa.

Odesa aliingia kwa mlango wa nyuma. Chupa alikuwa nayo, na haikuwa tupu. Ameijaza njugu za kuchemsha, nyekundu, na chumvi ya kwao.

"Zamu yako sasa," alisema.

"Ala! Mimi ntatia nini?"

"Hilo jambo lako. Nna nafasi ya kusubiri."

Walikaa, mmoja kwenye mbuzi, mmoja kwenye ndoo, wanavunja na kuangusha, mpaka ukitia mguu chini unalia kama kokoto. Ukumbini ngoma ikageuka, watu wakapiga kelele za furaha. Wao wakanyoosha shingo. Kutoka pale, mlango ukiwa na ufa, unaweza kumwona bi harusi kuanzia kiunoni mpaka begani, na ndivyo walivyomwona. Walikubaliana kwamba amependeza.

"Mwamvua!" Bi Zuleikha aliita. "Sahani!"

"Odesa!" aliita Bi Doroti. "Leso yangu!"

"Naam!" ziliitika sauti mbili kwa pamoja, na huko ukumbini hapana aliyejua ipi ya nani. Walijipangusa maganda, wakenda.

Bi Doroti na Odesa wanakuja mpaka leo, alasiri, hasa siku za kashata. Nadra anakaa Kikwajuni na mumewe, na akija kumsalimu bibi yake hanukii njugu, ananukia mawaridi, hata akitoka sokoni. Chupa inakwenda na kurudi kwa mlango wa nyuma. Ikenda na visheti, inarudi na njugu. Ikenda na kachiri, inarudi na kitu cha mahindi ambacho Mwamvua hajakijua jina ila anakipenda. Bi Zuleikha ameshazeeka zaidi, lakini wageni wakipiga hodi huinuka mwenyewe. Anajua Odesa sasa mikono yake ina chupa, hawezi kushika vitu vya watu. Kwa hivyo anatoa viti viwili, anavifuta vumbi kwa kanga, na kuviweka karibu karibu, kimoja cha Bi Doroti na kimoja cha mkoba wake.